Nimepulizia zinki na boroni kwenye mibono: majani yamenona, mbegu ziko palepale. Tatizo ni nini?

Kisima Kirefu #1

Wakuu, habari zenu.

Nina mibono kaburi (jatropha) ya miaka minne, nusu hekta hivi. Niliipanda kwa ajili ya mafuta ya kuendeshea injini ya kusukuma maji. Mwaka wa tatu ilizaa kwa kusuasua, nikaambiwa udongo umekosa virutubisho vidogo. Msimu huu nimepulizia majani mara tatu. Kila bomba la lita 20 niliweka zinki salfeti gramu 100 na boraksi gramu 100, na kila awamu ilikula mabomba kumi.

Majani yamekuwa ya kijani kilichokolea na matawi mapya yamerefuka, mpita njia anasimama kuangalia. Nimevuna na kupima: mbegu ni zilezile za mwaka jana. Kuna ziada ya kilo tatu, ambayo huenda ni kosa la mizani tu.

Swali langu: hizi zinki, boroni, manganizi na wenzake zinaongeza kweli mavuno ya mimea ya mafuta na nishati, au zinapendezesha majani tu? Mwenye uzoefu wa shambani anisaidie.

---

Msomaji Kimya #2

Naweka kambi hapa. Nina mbarika wenye dalili kama hizo.

---

BiUdongo #3

Mleta mada, umeeleza vizuri kuliko wengi, lakini kuna mambo hujayataja ambayo ndiyo yenye jibu. pH ya udongo wako, yaani kipimo cha uchachu, ni ngapi? Uliweka mbolea gani shimoni wakati wa kupanda? Na hizo awamu tatu zilikuwa lini: kabla ya maua, wakati wa maua au baada?

Nauliza kwa sababu virutubisho hivi mmea unavihitaji kwa gramu, si kwa magunia. Mazao mengi yakiwa na zinki chini ya takriban miligramu 20 kwa kilo ya majani makavu, huo ni upungufu. Yakiwa na 40, ukiongeza nyingine unamwagia maji mtu aliyekwisha kuoga. Wengi hupulizia bila kujua wako upande gani.

Kumbuka picha ya pipa lililoungwa kwa mbao zisizolingana urefu: maji huishia kwenye ubao mfupi. Hiyo ndiyo kanuni ya Liebig, yule mwanakemia Mjerumani. Kama ubao wako mfupi ni fosforasi, au maji yenyewe, zinki haitakuongezea hata debe.

---

Mtafiti Mchanga #4

Dada BiUdongo nakuunga mkono, ila heshima imwendee mwenyewe. Hoja ya kirutubisho kilicho haba kuliko vingine ilitolewa kwanza na Carl Sprengel, mwaka 1828. Liebig aliieneza kuanzia miaka ya 1840, jina likabaki kwake.

Na hao wawili hawakuijua boroni kama chakula cha mmea. Hilo lilithibitishwa na Katherine Warington mwaka 1923, alipoonyesha kuwa maharage mapana hayakui bila hiyo. Zinki ilithibitishwa na Sommer na Lipman mwaka 1926. Nikeli ilisubiri hadi mwaka 1987. Elimu hii bado changa, ndiyo maana tunabishana.

---

Mzee wa Alizeti #5

Mimi nitasema nilichokiona kwa macho.

Alizeti yangu ilikuwa inatoa vichwa vipana, ukivigeuza katikati kumejaa mapepe. Shina nalo lilikuwa na mipasuko chini kidogo ya kichwa, na vingine vilikatika shingo vikaanguka kabla ya kukomaa. Msimu uliofuata nusu ya shamba niliweka boroni ardhini kabla ya kupanda, kilo moja ya boroni halisi kwa hekta. Nusu nyingine nikaiacha kama ilivyo. Nusu yenye boroni vichwa vilijaa hadi katikati. Nusu nyingine ilirudia mapepe.

Kwa hiyo anayesema ni urembo wa majani tu, kwa alizeti namkatalia. Alizeti ina njaa ya boroni kuliko mazao mengi. Kwa mibono siwezi kuapa.

---

Nyuki Wangu #6

Shikamoo mzee wa alizeti. Naomba kuuliza bila kukukosea adabu: hiyo nusu iliyojaa ilikuwa upande gani wa shamba? Kulikuwa na mizinga, msitu au mto karibu?

Mapepe katikati ya kichwa yanaweza pia kutoka kwa uchavushaji mbovu, au ukame wakati katikati inachanua, maana maua ya alizeti hufunguka kutoka ukingoni kuelekea ndani. Hayo ya katikati ndiyo ya mwisho kuhudumiwa.

---

Mzee wa Alizeti #7

Marahaba. Kweli upande ule una miti na nyuki wapo. Lakini mwaka wa mapepe miti ilikuwa palepale na nyuki walewale! Hapo umenipa la kufikiria, ila boroni siiachi. Na mipasuko ya shina nayo, nyuki anahusika vipi?

---

Nyuki Wangu #8

Mipasuko nakuachia mzee, hiyo haina nyuki ndani yake.

---

Kisima Kirefu #9

Nashukuru kwa michango. Majibu ya BiUdongo:

pH nilipima kwa vikaratasi, ikasoma kati ya 7.5 na 8. Shimoni niliweka mbolea ya DAP na samadi. Awamu ya kwanza nilipulizia mvua zilipoanza, ya pili wiki tatu baadaye, ya tatu maua yalipokuwa yameanza kudondoka.

Kitu kingine, sijui kama kina maana: bomba lilikuwa linaziba mara kwa mara. Chini ya tangi nilikuta unga mweupe kama chokaa. Nilidhani ni uchafu wa boraksi, nikawa nachuja kwa kitambaa naendelea.

---

Mtafiti Mchanga #10

Mkuu, huo unga mweupe si uchafu. Hiyo ndiyo zinki yako.

Boraksi ikiyeyuka inayafanya maji kuwa ya alkali, pH inapanda hadi karibu 9. Zinki salfeti haivumilii maji ya namna hiyo. Zinki inaungana na boroni na hidroksidi, inaganda na kutua chini. Ulipochuja kwa kitambaa uliitupa, pamoja na sehemu ya boroni. Kilichofika jani ni kidogo kuliko ulichopima.

Ukitaka kuvichanganya tumia asidi ya boriki badala ya boraksi, yeyusha kimoja kimoja, kisha jaribu kwanza kwenye chupa ya maji. Maji yakibaki maangavu baada ya nusu saa, endelea. Yakiwa na ukungu, usitie kwenye bomba.

---

Msomaji Kimya #11

Duh. Mimi nimechanganya hivyohivyo misimu miwili.

---

BiUdongo #12

Hapo tumepata kitu, ila tusikimbilie kufunga kesi. Kama zinki iliishia kwenye kitambaa, majani yamekolezwa na nini? Hilo linahitaji jibu lake.

Kuhusu pH: kila inapopanda kwa namba moja, zinki iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo hushuka hadi mara mia hivi. Kwa 7.5 na kuendelea, zinki iko ardhini lakini imefungwa. Chuma ndiyo kabisa. Ndiyo maana kwenye udongo kama huo watu hupulizia majani au hutumia zinki iliyo kwenye kelati, yaani kiambata kinachoizuia isigande. DAP nayo imeongeza fosforasi nyingi karibu na mizizi, na fosforasi ikizidi, upungufu wa zinki huzidi kuonekana. Kwa hiyo ninaamini mibono yako ilikuwa na njaa ya zinki kweli. Siamini tu kwamba uliilisha.

Molibdenamu inakwenda kinyume cha wenzake. Yenyewe hupatikana zaidi pH ikipanda. Mwenye udongo mchachu anayelima soya kwa ajili ya dizeli anaweza kutia chokaa tu, vinundu vya mizizi vikaanza kufanya kazi, kwa sababu kimeng'enya kinachonasa naitrojeni ya hewani kina molibdenamu ndani yake. Mtu huyo atasimulia kuwa chokaa ni mbolea ya naitrojeni. Ameona sawa, ameeleza vingine.

---

Shamba Darasa #13

Mimi naona wote mmesahau salfa. Zinki SALFETI. Mimea ya mafuta inapenda salfa. Watu wengi wanaosifia zinki salfeti wanasifia salfa bila kujua. Hiyo ndiyo iliyokoleza majani.

---

Mtafiti Mchanga #14

Hoja nzuri, tuipigie hesabu. Zinki salfeti ya kawaida, ile yenye maji mengi kwenye chembe zake, ina zinki karibu asilimia 22 na salfa karibu asilimia 11. Mleta mada alitumia mabomba kumi yenye gramu 100, yaani kilo moja kwa nusu hekta kila awamu. Salfa ni gramu 110 kwa awamu, awamu tatu gramu 330. Kwa hekta nzima hazifiki hata gramu 700.

Mazao ya mafuta yanahitaji salfa kwa kilo kadhaa, na kanola huhitaji nyingi kuliko wengi. Gramu 700 ni tone. Ungekuwa unazungumzia mtu aliyemwaga zinki salfeti kilo 25 ardhini, hapo salfa inakaribia kilo tatu na hoja yako inapata miguu, japo mifupi.

---

Shamba Darasa #15

Nimekuelewa, kwa huyu naiondoa. Ila kwenye majaribio ya ardhini msiitupe. Mwenye kulinganisha zinki salfeti na kutoweka kitu amelinganisha vitu viwili kwa mpigo. Alipaswa na upande mwingine aweke salfa bila zinki.

---

Bibi Mbegu #16

Hamjambo. Nasoma mnavyozungumzia majani na udongo, sioni mtu anayezungumzia ua la mbono lenyewe.

Mbono una maua dume na jike kwenye kichala kimoja, na dume ndio wengi mno. Waliohesabu mara nyingi hutaja 20 hadi 30 kwa jike mmoja. Jike akishashika hutoa tunda lenye mbegu tatu kwa kawaida. Kwa hiyo mavuno ya mbono yanafungwa na idadi ya maua jike kabla hujauliza habari ya kirutubisho chochote. Unaweza kuunonesha mti hadi upasuke, ukakupa kuni na kivuli.

Boroni ina kazi kubwa pale poleni inapoota mrija kwenda kwenye yai. Ikikosekana mrija hauendi mbali. Lakini kwenye mimea mingi boroni ikishaingia kwenye jani haitoki tena kwenda kwenye ua. Mjukuu wangu Kisima, uliipulizia mwezi mmoja kabla ya maua kwenye majani yaliyokwisha kukomaa, kisha ukarudi maua yanadondoka. Ua lenyewe hukulipatia kitu. Hata kama bomba lisingeziba, ningetegemea matokeo hayohayo.

---

Kisima Kirefu #17

Bibi shikamoo, na asante. Hili la boroni kutohama sikulijua kabisa. Nilidhani jani likinywa, mti wote umekunywa.

---

Mchikichi wa Kale #18

Bibi amenena. Kwenye michikichi upungufu wa boroni unauona kwenye majani MAPYA: ncha za vijani vyake zinajikunja kama ndoano, majani yanatoka mafupi na yaliyosinyaa. Majani ya zamani yako salama kabisa, na boroni yao wanayo, ila hawawezi kuigawa. Mwenye michikichi asiangalie majani ya chini akaridhika.

Na wanaolima kwenye udongo wa mboji nzito, ule mweusi wa kinamasi, huko shaba ndiyo huadimika. Mboji inaikamata haiiachii. Michikichi michanga inageuka njano katikati ya shada la majani na kudumaa. Ukiona umetia naitrojeni na njano haiondoki, fikiria shaba.

---

Fundi Injini #19

Naona mnapima mbegu. Mimi ninayekamua nauliza: MAFUTA mlipima? Mbegu ya mbono ina mafuta asilimia 30 hadi 35 au zaidi kidogo, inategemea. Kilo zikibaki palepale na mafuta yakapanda, mwenye injini amepata faida na hajui.

---

Kisima Kirefu #20

Fundi, nilikamua kilo 60 za mwaka jana zilizobaki na kilo 60 za mwaka huu, mashine ileile ya mkono. Za mwaka jana lita 14. Za mwaka huu lita 15 na nusu. Sikuitilia maanani kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye magunia.

---

Fundi Injini #21

Lita moja na nusu kwenye 14 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi! Basi mbolea yako imefanya kazi, imeingia ndani ya mbegu. Watu wanashangilia majani, mafuta yamejificha.

---

BiUdongo #22

Fundi, nakuheshimu kwa mashine, ila hapa pole pole. Mbegu za mwaka jana zimekaa stoo mwaka mzima. Kama zilivuta unyevu, kilo 60 zake ni mbegu kidogo na maji zaidi. Kama zilikauka mno, mashine ya mkono nayo huzikamua vingine. Joto la siku ya kukamua, kasi ya mkono, vyote vinabadilisha lita. Ungekuwa na mbegu za mwaka huu za miti iliyopuliziwa na za miti isiyopuliziwa, ukazikamua siku moja, ningesimama upande wako.

---

Fundi Injini #23

Sawa, ila kumbuka zinki na manganizi ziko kwenye vimeng'enya vingi vya mmea. Kuathiri mafuta si jambo la ajabu. Nakubali kukamua upya, sikubali kwamba nimekosea.

---

Mlinzi wa Mashudu #24

Wakuu, niseme jambo linaloniuma. Mafuta yenyewe ni kaboni, hidrojeni na oksijeni, basi. Zinki, boroni, fosforasi na potasiamu ambazo mti umezitoa ardhini karibu zote haziendi kwenye injini. Zinabaki kwenye mashudu na maganda. Mtu anakamua, mashudu anayatupa korongoni, halafu anakwenda kununua zinki. Rudisha mashudu shambani na maganda ya matunda chini ya miti. Deni la udongo litapungua sana.

---

Msomaji Kimya #25

Mashudu ya mbono si unaweza kuwapa mbuzi kwanza, halafu samadi ndiyo irudi shambani?

---

Mlinzi wa Mashudu #26

HAPANA ndugu yangu. Mashudu ya mbono kaburi ni sumu. Yana esta za foboli, na kuyachemsha tu hakuziondoi. Utapoteza mbuzi. Mbarika wako pia una risini kwenye mashudu, hiyo huuawa kwa joto linalosimamiwa vizuri, lakini usijaribu jikoni. Yote mawili yaende shambani, yafukiwe, na mtoto asiyachezee.

---

Fundi Injini #27

Nakazia. Hilo si la kujaribu.

---

Mapato ya Miwa #28

Kwenye miwa ni hivyohivyo. Sukari na ethanoli hazibebi madini. Maji machafu yanayobaki baada ya kutonesha pombe yana potasiamu nyingi sana, na Brazili huyarudisha mashambani kwa mifereji na mabomba. Majivu ya makapi nayo yanarudi. Lakini zinki hairudi ya kutosha kwa njia hiyo kama udongo tangu mwanzo hauna kitu. Ile nyika yao ya cerrado, ambayo kilimo kikubwa kiliingia kuanzia miaka ya 1970, ilihitaji chokaa na fosforasi, pamoja na zinki. Huwezi kurudisha ulichokuwa huna.

---

Mtama Mtamu #29

Hamjambo wote. Nitatoka nje ya mada kidogo, ila ni nishati bado.

Mimi nakamua mtama mtamu kwa ajili ya ethanoli. Tanki moja lilikuwa linachacha haraka, jingine linasinzia, hamira ileile. Nilihangaika sana na joto. Nikaja kujifunza kwamba kimeng'enya cha mwisho cha hamira, kile kinachotengeneza ethanoli yenyewe, kina zinki ndani yake. Hamira yenye njaa ya zinki hushindwa kumaliza sukari. Sasa nafikiria: juisi iliyotoka kwenye udongo wenye zinki na iliyotoka kwenye udongo usio nayo, je, zinachacha sawa? Shamba linaweza kukunyima mara mbili, kwanza kwenye shina kisha kwenye tanki.

---

Gesi Asubuhi #30

Mtama Mtamu, kwenye biogesi hilo tunalijua kwa machungu. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaotengeneza methani wanahitaji nikeli, kobalti na molibdenamu. Nikeli iko katikati kabisa ya molekuli wanayotumia kutolea methani. Mitambo ya Ujerumani inayolishwa mahindi yaliyovundikwa peke yake, bila samadi, ilikuwa inalegea baada ya muda, asidi inapanda, gesi inashuka. Ukiongeza madini hayo kwa gramu, mtambo unafufuka. Samadi huja nayo yenyewe. Kwangu nilichofanya ni kuongeza kinyesi cha ng'ombe, sikununua kitu.

---

Mtama Mtamu #31

Asante sana. Basi si mimea peke yake.

---

Kijana wa Maabara #32

Nimesoma kuanzia mwanzo. Nina wasiwasi mmoja: mtu akipulizia shaba shambani, si itaingia kwenye mafuta na kuharibu dizeli ya mimea? Nasikia shaba huifanya dizeli hiyo ichache haraka.

---

Fundi Injini #33

Nusu kweli kijana. Shaba huharakisha kweli kuoza kwa dizeli ya mimea. Lakini hiyo inatoka kwenye mabomba na koki za shaba nyeupe na nyekundu unazohifadhia, si shambani. Tumia chuma cha pua au plastiki inayovumilia. Kinachotoka shambani na kusumbua ni fosforasi, inayokuja na ute wa mafuta. Kanuni ya Ulaya ya dizeli ya mimea inataka isizidi miligramu 4 kwa kilo. Ondoa ute kwa maji ya moto kabla ya kuyapika.

---

Kisima Kirefu #34

Wakuu, kuna jambo lazima niliseme kwa sababu BiUdongo aliuliza majani yalikolezwa na nini na swali hilo limenikaa kichwani.

Awamu ya kwanza na ya pili niliongeza yurea, gramu 200 kwa bomba. Aliyeniuzia alisema inasaidia dawa kupenya. Sikuihesabu kama mbolea.

---

BiUdongo #35

Ahaa. Sasa rangi ya kijani ina mwenyewe. Yurea ina naitrojeni asilimia 46. Ni kweli husaidia kupenya jani, hakukudanganya. Lakini gramu 200 mara mabomba kumi mara awamu mbili ni kilo nne za yurea, karibu kilo mbili za naitrojeni kwenye nusu hekta, moja kwa moja juu ya jani. Si nyingi kwa msimu mzima, ila kwa macho inatosha kabisa kukoleza kijani.

---

Bibi Mbegu #36

Na mti ukipewa naitrojeni kabla ya maua hupenda kurefusha matawi badala ya kuzaa. Hilo nalo liandikeni.

---

Mtafiti Mchanga #37

Bibi, kwa mbono naomba tusiwe na haraka. Maua yake hutokea kwenye ncha za matawi, matawi mengi mapya ni vichala vingi. Matawi YALIYOREFUKA tu bila kuongezeka idadi, hapo nakubaliana. Kisima, matawi yaliongezeka au yalirefuka?

---

Kisima Kirefu #38

Yalirefuka. Idadi sikuhesabu.

---

Mzee wa Alizeti #39

Mimi na boroni yangu bado tupo. Ila niwaonye wenye papara: baada ya ile alizeti nilipanda mtama palepale, na kwa tamaa nikaongeza boroni kilo nyingine mbili. Kingo za majani zikaungua kama zimepitiwa na moto. Nafaka zinahitaji boroni kidogo sana ukizilinganisha na alizeti, na kati ya kutosha na kuua pana hatua fupi. Sikuweka tena, mvua za misimu miwili zikaisafisha.

---

Mtafiti Mchanga #40

Mzee ametoa somo kubwa. Boroni ndiyo kirutubisho ninachokiogopa kuliko vyote kwenye kijiko cha mtu asiyepima.

Kisima, pendekezo langu. Gawa miti kwa mistari: mstari wa maji matupu, wa asidi ya boriki peke yake, wa zinki peke yake, wa yurea peke yake, na wa vyote bila kuganda. Rudia kila kimoja mara tatu kwenye sehemu tofauti za shamba. Boroni iende vichala vinapoanza kuchomoza, kabla havijafunguka. Hesabu maua jike, matunda, mbegu, kisha kamua kila fungu siku moja.

---

Nyuki Wangu #41

Na uweke mizinga miwili karibu. Maua ya mbono yana nekta, wadudu ndio wanaobeba kazi.

---

Kisima Kirefu #42

Nimechukua yote. Mistari nitaipanga mvua zikianza. Nitaleta mrejesho.

---

Msomaji Kimya #43

Tunausubiri. Nami nimeacha kuchanganya.

---

Kisima Kirefu #44

Mrejesho wa kwanza, mbegu bado hazijakomaa.

Nilitumia asidi ya boriki, chupa ya majaribio ilibaki maangavu, bomba halikuziba hata mara moja. Nafasi ilitosha kurudia mara mbili tu. Mstari wa yurea ndio wa kijani kuliko yote, kama BiUdongo alivyotabiri. Zinki peke yake imeondoa ule udogo wa majani ya ncha, yale yaliyokuwa yamebanana kama shada. Hilo limetokea kwenye mistari yote miwili ya zinki.

Matunda ndiyo yananichanganya. Mstari wa boroni wa juu umeshika matunda mengi kwa kila kichala kuliko wenzake. Mstari wa boroni wa chini hauna tofauti na maji matupu. Na mstari mmoja wa maji matupu umeshika karibu sawa na ule wa boroni wa juu.

---

Nyuki Wangu #45

Mizinga uliweka wapi?

---

Kisima Kirefu #46

Juu. Kati ya mistari hiyo miwili.

---

Mzee wa Alizeti #47

Wa chini umeupimia udongo? Inawezekana boroni inatosha huko tangu zamani, maji hushuka nayo.

---

Bibi Mbegu #48

Au miti ya chini ilitokana na mbegu nyingine. Uliipanda kwa mbegu au kwa vipandikizi, mjukuu wangu? Mbono wa mbegu hauzai sawa hata ukiwa shimo moja.

---

Kisima Kirefu #49

Ya juu vipandikizi, ya chini mbegu. Sikufikiria.

---

BiUdongo #50

Basi kwenye maua ya pili hamishia mizinga chini na ubadilishane mistari ndani ya vipandikizi tu. Na kabla ya hapo chuma majani machanga zaidi kati ya yaliyokomaa, ishirini kutoka juu na ishirini kutoka chini, yakaushe kivulini kwenye mifuko ya karatasi, yapelekwe kupimwa boroni na zinki. Tangu mwanzo nilisema wengi hupulizia bila kujua wako upande gani.